Cheni na Mnyororo

Mtu mwenye helmeti nyekundu alikuwa anamtazama tena.

Kitinda alimwona kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki yake, pale kituo cha mafuta, akiwa kwenye foleni nyuma ya lori la mbao. Jamaa alikuwa ameegemea pikipiki kubwa ya kijivu, nyuma yake sanduku jeupe limebanwa kwa kamba za mpira. Helmeti yake ilikuwa na ufa uliozibwa kwa utepe mweusi, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Ufa huo ndio uliomtambulisha. Kitinda aliuona saa moja asubuhi kwenye kivuko cha reli, akauona tena saa tatu aliposimama kunywa maji karibu na daraja. Mara ya kwanza ni bahati, mara ya pili ni njia moja tu. Mara ya tatu, Baba alikuwa akisema, ni mpango.

"Nijaze, dada?" aliuliza mhudumu wa pampu, msichana mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

"Jaza."

"Unakwenda mbali?"

"Hapo mbele tu."

Mhudumu akatazama begi lililofungwa juu ya tangi, kisha vumbi lililompaka Kitinda nyusi mpaka akafanana na bibi yake. "Hapo mbele tu," alirudia akicheka. "Haya. Hata peponi ni hapo mbele tu."

Kitinda hakucheka. Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe shingoni, ukapapasa juu ya zipu ya koti la njano. Ilikuwepo. Chini ya koti, chini ya skafu, chini ya blauzi, cheni ya dhahabu ya mama yake ilikuwa imelala palepale alipoivaa alfajiri. Leo, kabla ya saa kumi na moja jioni, cheni hiyo ilipaswa kuwa mkononi mwa dada yake.

Kwenye kioo, helmeti nyekundu iliacha kuegemea. Mtu yule alianza kutembea kuja upande wake, polepole, macho ameyashusha chini kama anayetafuta kitu alichodondosha. Akayapandisha, akanyoosha kidole, akafungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa mkwaruzo, kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta.

Kitinda alimtupia mhudumu noti, hakungoja risiti. Aliiwasha pikipiki, akapita ubavuni mwa lori la mbao, na nyuma yake akamsikia mhudumu akisema, "Loh! Kumbe hapo mbele kwenyewe pana moto!"

*

Alikuwa kitinda mimba, na jina hilo likakatwa likabaki Kitinda, hata kazini lilikuwa hilohilo. Alifanya kazi kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, akisaga lenzi. Watu waliingia wakiwa wanasalimia nguzo, wakatoka wakisoma vibao vya ng'ambo ya barabara. Aliipenda kazi hiyo. Aliamini kwamba ukimpa mtu nafasi ya kuona vizuri, mambo mengi mengine yatajinyoosha yenyewe. Ila nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na watu wawili aliowashindwa. Wa kwanza ni Baba, aliyekataa kuvaa miwani aliyotengenezewa mara mbili. "Mimi naona mbali," alikuwa akisema. "Karibu nitapapasa." Wa pili ni Dada.

Mama yao, fundi wa nguo, alifariki miezi minane iliyopita, baada ya kuugua muda mrefu. Siku ya tatu, Dada aliuliza cheni iko wapi. Mama alikuwa ameahidi kwamba itakuwa ya mkubwa. Walipekua sanduku, kabati, mito, mpaka mtungi wa sukari. Haikuonekana. Mwishoni Dada alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, ile inayoumiza kuliko kelele: "Miezi yote ile, aliyelala chumba kimoja na Mama ni wewe peke yako."

Kitinda hakujibu. Alidhani kutojibu ndiyo heshima. Dada alidhani kutojibu ndiyo jibu.

Siku tano zilizopita Kitinda aliteremsha pazia la chumba cha Mama ili alifue, na pindo lake lilikuwa zito upande mmoja. Alipofumua kidogo, cheni ikamchuruzikia mkononi, naye akakikata kipande hicho cha pindo akakitunza. Alipiga picha, akamtumia Dada. Jibu lilikuja baada ya saa nne: "Picha hata ya mwezi ninayo, mwezi sina. Miezi minane, na unaipata juma ninaloondoka?"

Maana Dada alikuwa anaondoka. Shemeji amehamishiwa kazi nchi nyingine, mkataba wa miaka mitatu, na basi lao lilikuwa la leo jioni. Dada alimwambia Baba kwenye simu, na Baba, asiyejua kuficha neno, akalipeleka lilivyo: "Amesema akiondoka bila cheni ya mama yenu, ataondoka kama mtu asiye na mdogo wake."

Kumkabidhi dereva wa basi? Ipotee mara ya pili? La. Kitinda aliomba ruhusa kazini, akachukua pikipiki ya bluu ya Baba. Magoti ya Baba hayakuiweza tena, lakini mikono yake bado ilikuwa ikiihudumia kama farasi wa mfalme. Jana jioni aliweka mnyororo mpya. "Huo ukikatika niite paka," alisema akifuta mikono. Na alfajiri, getini, akatoa usia wake: "Usisimame kwa mtu yeyote. Kuna wajanja huko njiani. Atakwambia tairi limeisha pumzi, ukisimama, ushaumia. Hata akilia, mwache alie."

*

Kilomita kama ishirini kutoka kituo cha mafuta, kitone chekundu kiliota kwenye kioo.

Kitinda aliongeza mwendo. Kitone kikakua, kikawa helmeti, kikawa mtu. Taa yake iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Honi ikafuata. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, mashamba yaliyovunwa kushoto na kulia, hakuna nyumba wala mbuzi. Mtu yule akamfikia ubavuni, upepo ukipiga koti lake kama bendera, akafunua kioo cha helmeti na kukwaruza kwa nguvu zote:

"Cheni!"

Kitinda alibana kidevu juu ya zipu ya koti.

"Che-ni! Cheni yako!"

Kisha mkono wa kushoto ukaachia usukani. Kidole kikachora duara hewani, duara jingine, kikaelekea chini. Kuzunguka, kisha chini. Hapakuhitajika mkalimani: ivue shingoni, iweke chini.

Kitinda aliinamia tangi, akapinda mkono wa mafuta mpaka ukagota. Lori la mchanga lilikuwa linakuja mbele. Alipita basi lililokuwa mbele yake kwa nafasi ambayo Baba angeiona asingempa funguo tena, akaponea chupuchupu. Helmeti nyekundu ikabanwa nyuma ya basi. Mbele, baada ya kona, akaona mgahawa wa bati wenye moshi. Akakata kuingia, akazunguka nyuma, akaisimamisha pikipiki kati ya rundo la kuni na pipa la maji.

Ndani, mama mwenye mgahawa alikuwa anakata vitunguu. Alimtazama mgeni aliyeingilia mlango wa jikoni akihema.

"Choo kiko nje, mwanangu."

"Mama, nisitiri. Kuna mtu ananifuata."

Mama yule hakuuliza swali hata moja. Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka nyuma ya gunia la mkaa. "Kaa. Na usikohoe, hicho kitunguu ni kikali."

Pikipiki iliunguruma nje, ikazima. Hatua nzito. Kitinda aliona kupitia ufa wa ubao: buti zenye matope, ncha ya helmeti ikining'inia mkononi.

"Pikipiki... ya bluu," mkwaruzo ukasema. "Dada mmoja... koti la njano."

"Mimi nauza chai, kaka. Pikipiki siuzi."

"Nataka kumwambia... cheni..."

"Cheni ndiyo kabisa siuzi. Huyo wako amepita zamani, anakimbia kama amekanyaga nyuki."

Mtu akakohoa, kikohozi kirefu. Alitazama saa, akatoka, akaligusa sanduku jeupe kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, akaondoka. Kuelekea mbele.

Mama mwenye mgahawa alingoja mlio ufe kabisa. Alimmiminia Kitinda chai, akamkatia mkate, akaketi mbele yake na kisu chake.

"Mumeo?"

"Simjui hata kwa jina, Mama."

"Hm." Akakata kitunguu kingine. "Humjui. Koti umelifunga mpaka kidevuni na jua lote hili. Sasa niambie, mwanangu, amejuaje kama una cheni?"

Chai ilikuwa na sukari nyingi, lakini mdomoni mwa Kitinda iligeuka shubiri.

Kweli. Amejuaje?

Waliojua kwamba leo cheni iko njiani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: yeye, Baba, Dada, na pengine Shemeji. Alipiga simu nyumbani.

"Umefika?" Baba alisema kabla ya salamu.

"Bado. Baba, kuna mtu umemwambia kuhusu cheni?"

"Mimi? Nimwambie nani, kuku?" Kisha akakumbuka. "Ila dada yako alipiga jana usiku. Aliuliza utapita njia ipi."

"Njia ipi?"

"Ndiyo. Na utaondoka saa ngapi. Na utavaa koti la rangi gani. Mbona? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba. Mtandao unakatika."

Haukukatika. Aliukata yeye. Aliketi pale kwenye kigoda, wazo likamwingia kama moshi unavyoingia chini ya mlango. Cheni ikinyang'anywa njiani, nani ataamini? Watasema Kitinda alibuni mwizi. Dada ataondoka na hasira yake ikiwa nzima, tena na cheni ndani ya mkoba. Alijionea aibu kwa kuwaza hivyo. Mtoto wa mama mmoja! Aliliambia wazo litoke. Likavuta kigoda likakaa pembeni yake. Kikulacho ki nguoni mwako, likamwambia.

Akavua buti la kulia, akafungua cheni shingoni, akaitia ndani ya soksi, chini ya unyayo. Mama mwenye mgahawa alitazama, akatikisa kichwa.

"Mungu akutangulie. Lakini ukimwona tena, mtazame usoni. Mtu humjui kwa kioo cha nyuma."

*

Alikaa pale nusu saa zaidi ili mtu yule atangulie mbali, na nusu saa hiyo ilimuuma kama kung'olewa jino. Saa saba na robo alirudi barabarani. Kila kichaka kilikuwa na mtu. Kila gari lililoegeshwa lilikuwa linamngoja. Cheni ilimchoma unyayo kila alipobadili gia.

Saa nane ilipogonga alisikia sauti chini yake, kama mtu anayetafuna kokoto. Alidhani ni barabara. Sauti ikazidi. Kisha kraa! Kitu kikampiga ubavu wa buti, injini ikapanda kilio, na pikipiki ikaendelea kulia bila kwenda popote, mpaka ikasimama.

Alitazama nyuma. Mnyororo mpya wa Baba ulikuwa umelala katikati ya lami kama nyoka aliyekanyagwa.

Aliuokota. Ulikuwa mzima, ila umeachana pale panapoungwa. Kiungo kilikuwa kimechomoka na klipu yake, ile ndogo yenye umbo ambalo mafundi huliita kisamaki. Bila kiungo, mnyororo ni pambo. Kwenye mfuko wa zana mlikuwa na spana mbili, bisibisi na kitambaa. Simu haikuwa na mtandao, safari hii kweli. Kilomita tisini zilibaki, na saa tatu.

Ndipo aliposikia pikipiki. Haikutoka nyuma. Ilitoka mbele.

Nyekundu.

Kwa hiyo alikuwa amengoja. Kitinda alishika spana kubwa mkono wa kulia, mnyororo ukining'inia mkono wa kushoto.

"Simama hapohapo!" alipiga kelele. "Ukisogea nakupasua hiyo helmeti mara ya pili!"

Mtu alisimama. Hatua kama kumi. Alizima injini, akashuka, akavua helmeti. Kitinda alimtazama usoni, kama alivyoambiwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kipara, masikio yamesimama kama vipini vya sufuria, shingo imezungushiwa taulo.

"Cheni," alisema. Sauti ilitoka kama ya jogoo mgonjwa.

"Sikupi!"

Mtu akakunja uso. "Hunipi... nini?"

"Cheni! Hata ukiniua! Ni ya marehemu mama yangu!"

Mtu yule akatazama kile kitu cheusi kilichokuwa kinaning'inia mkononi mwa Kitinda, kikidondosha grisi juu ya buti lake.

"Hiyo?" aliuliza kwa upole mkubwa. "Ya mama yako?"

"Huu ni mnyororo!" Kitinda alifoka. "Mnyororo huu! Usijifanye hujui tofauti ya mnyororo na..."

Hapo akajisikia. Maneno yalirudi masikioni mwake kama ya mtu mwingine. Yalikuwa maneno ya Baba.

Maana nyumbani kwao neno cheni lilikuwa na historia. Kabla watoto hawajazaliwa, Baba alimpelekea Mama ujumbe kwamba amenunua cheni, anakuja nayo jioni. Mama akaoga, akavaa gauni la bluu, akakaa sebuleni na shingo wazi. Baba akaingia na cheni ya pikipiki, imefungwa kwenye gazeti, inavuja mafuta. Siku tatu Mama hakumsemesha. Siku ya nne Baba alileta ya dhahabu, na sheria ikapitishwa nyumba nzima: cheni ni ya mama yenu, mnyororo ni wangu. Watoto walikua hivyo. Kitinda alijua kwamba mafundi wa mjini husema cheni. Lakini sikio husikia kwanza lugha ya nyumbani, na leo sikio lake lilikuwa limevaa dhahabu.

"Cheni," mtu yule alisema tena, sasa kwa uchovu, akielekeza kidole gurudumu la nyuma. Akachora duara lake. "Inazunguka. Huko chini. Nimekuonyesha... mara ngapi."

"Mbona hukusema vizuri?"

"Sauti." Akagusa taulo. "Nimefundisha wafugaji siku nne. Imebaki kwao."

"Na sanduku?"

Hakukasirika. Alilifungua akiwa palepale, akaliinamisha. Barafu nusu imeyeyuka, na vichupa vidogo vimejipanga kama askari kwenye matope. "Chanjo. Mimi ni daktari wa kuku."

"Daktari wa kuku?"

"Cheka tu. Wote hucheka."

Kitinda hakucheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na spana bado ilikuwa juu. "Ulikuwa mbele. Kwa nini umerudi?"

"Kuna kizuizi cha polisi. Nikawauliza, bluu imepita? Wakasema bado." Alimeza mate kwa shida. "Pale kwenye mafuta niliona kisamaki kimegeuzwa. Kinaogelea kinyumenyume. Hivyo hakifiki mbali. Nikajua... umekwama."

Alitazama saa yake, akatazama barafu. Kisha akafanya jambo ambalo Kitinda angelikumbuka maisha yake yote. Alitoa mfukoni kiberiti, akakiweka katikati ya lami, juu yake akaweka koleo lake dogo. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kugeuka, mpaka akaigonga pikipiki yake mwenyewe. Akaketi juu ya lami, mikono juu ya magoti.

"Sisogei," alisema. "Funga mwenyewe. Nitakuelekeza."

Ndani ya kiberiti mlikuwa na kiungo kipya na kisamaki chake, vimefungwa kwenye karatasi. Kitinda alipiga magoti kando ya gurudumu. Kwa muda wa dakika arobaini, mtu yule alikwaruza na yeye akatenda. Legeza ekseli. Pitisha juu, kwenye meno. Vuta. Bado. Vuta tena. Mara mbili mnyororo ulimponyoka, mara moja akajibana kidole na kumtukana mtu asiyemjua, na daktari wa kuku akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Sasa kisamaki. Kichwa... mbele, kule mnyororo unakokwenda. Mkia nyuma."

Kitinda alikishika kwa ncha za vidole. Kilikuwa kidogo kama kucha ya mtoto. Alimwona Baba jana jioni, chini ya taa, amekileta kitu hiki karibu na uso, amekisogeza mbali, hatimaye akapapasa. Macho yake yalijaa. Mtu aliyemwambia usimwamini yeyote ndiye aliyekiweka kinyumenyume, kwa mapenzi yote ya dunia.

Tak! Kikaingia.

Aliposimama, daktari wa kuku alikuwa ameshavaa helmeti.

"Daktari! Koleo lako! Na... nisamehe. Nilikudhania..."

Mtu akagusa koo lake, akapandisha mabega, kama kusema kwamba majibu yamekwisha. Aliashiria koleo: kaa nalo. Akaondoka mbio, maji ya barafu yakichora mstari mwembamba nyuma yake juu ya lami.

*

Saa kumi na dakika arobaini, mlinzi wa geti la stendi alimsimamisha.

"Koti la njano, pikipiki ya bluu. Ni wewe? Ingia, ingia! Dada yako ameniuliza mara kumi. Leo nimejua rangi ya koti lako kuliko ya mke wangu."

Kitinda alikumbuka maneno ya Baba kwenye simu. Njia ipi, saa ngapi, koti gani. Kumbe.

Dada alikuwa kando ya basi, mizigo miguuni. Shemeji, alipomwona Kitinda, alikumbuka ghafla kwamba anahitaji maji ya kunywa, akaondoka. Dada alikuwa amekonda. Hakusogea.

"Umechelewa."

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Iko wapi?"

Kitinda aliketi juu ya begi la Dada, akavua buti, akavua soksi.

"Cheni ya Mama umeitia kwenye soksi?"

"Njiani palikuwa na mwizi."

"Mwizi gani?"

"Hakuwa mwizi."

"Unaona? Hata hujaanza kueleza, hadithi ishakuwa mbili." Macho ya Dada yalikuwa yaleyale ya mlangoni miezi minane iliyopita.

Kitinda alikuwa na maelezo. Alikuwa ameyapanga kilomita mia nne nzima. Aliyaacha. Aliweka cheni juu ya begi, kando yake akaweka kile kipande cha pindo la pazia alichokikata na nyuzi zake. Akarudi nyuma, mguu mmoja peku, mpaka akaigonga pikipiki.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Mimi sisogei."

Dada alimtazama kama mtu aliyepigwa jua. Aliiokota cheni, akaigeuzageuza, akaiweka. Aliokota kitambaa, na vidole vyake, vya binti wa fundi, vikaenda moja kwa moja mwisho wa mshono. Mafundo matatu. Mama alifunga matatu siku zote, pindo lolote, nguo yoyote: moja la mteja, moja la fundi, na moja la shetani asijaribu kufumua. Dada aliyahesabu. Akayahesabu tena.

"Lilikuwa pazia la dirishani?"

"Upande wa kitanda."

Dada akafunika mdomo. "Nilimwambia mimi," alisema kupitia vidole. "Wageni wa kumtazama walikuwa wengi. Nikamwambia kwenye simu, Mama, ficha vitu vyako, pahali hata sisi hatutapajua. Kwa mdomo huuhuu. Kisha nikaja nikakuuliza wewe."

Dereva alipiga honi. Dada aligeuka, akainamisha kichwa, akamwonyesha mdogo wake kisogo. "Nifunge. Upesi."

Kitinda alifunga. Vidole vyake viliacha alama mbili nyeusi kwenye shingo ya dada yake.

"Mikono gani hiyo! Ni nini?"

"Mafuta ya mnyororo."

"Cheni ni ya mama yenu," Dada alianza, kwa sauti nzito ya Baba, akashindwa kumalizia. Akamshika Kitinda kwa nguvu, grisi na vyote, kisha akamsukuma. "Lakini nikifika nitaipeleka kwa sonara. Nione kama hukubadilisha."

"Peleka."

"Lala mjini leo, usiendeshe usiku. Na ukifika nyumbani nipigie. Nitapokea."

Basi lilianza kutoka. Dirisha la kati likafunguka, kichwa cha Dada kikatokeza, akipiga kelele juu ya ngurumo ya injini. Neno moja tu lilimfikia Kitinda.

"...cheni!"

Safari hii hakukimbia. Aliinama kando ya gurudumu la nyuma, akatazama. Kisamaki kilikuwa mahali pake, kichwa mbele, mkia nyuma. Alipoinua uso, Dada alikuwa bado yupo dirishani, kiganja kimefunika shingo.